P.B.S. Pinchback, gavana wa siku 35 wa Louisiana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikimtaja huyu bwana naulizwa yaleyale, na la kwanza ni "siku 35 tu? sasa hapo kuna nini cha kusimulia?" Kuna mengi, na kwa maoni yangu hizo siku 35 zenyewe ndo sehemu ndogo kabisa ya stori yake. Basi nimeyaweka maswali yote sehemu moja, soma unaloona linakuhusu.

Kwanza, huyu Pinchback ni nani?

Jina kamili ni Pinckney Benton Stewart Pinchback, ndo maana watu wanafupisha wanaandika P.B.S. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukaa kwenye kiti cha gavana katika jimbo lolote la Marekani. Jimbo lenyewe ni Louisiana, na alikaa kuanzia tarehe 9 Desemba 1872 mpaka 13 Januari 1873. Hesabu mwenyewe, ni wiki tano.

Ila kabla ya hapo alishakuwa boi wa melini, mcheza kamari, kapteni wa jeshi, mwenye gazeti na seneta wa jimbo, na baada ya hapo akawa mtu aliyepigania viti viwili huko Washington kwa wakati mmoja akakosa vyote, halafu akaja kuwa wakili akiwa karibu na miaka 50. Kwahiyo ukisema "gavana wa siku 35" umesema kweli lakini umesema kidogo.

Alizaliwa mtumwa?

Hapana, ila alikosa hilo kwa nafasi ndogo sana. Alizaliwa tarehe 10 Mei 1837 karibu na Macon, Georgia, familia ikiwa njiani inahama kwenda Mississippi. Mama yake Eliza Stewart alikuwa mtumwa, baba yake William Pinchback alikuwa mzungu mwenye mashamba na ndiye aliyekuwa anammiliki huyo mama. Sheria ya kusini ilikuwa mtoto anafuata hali ya mama, mama akiwa mtumwa na mtoto mtumwa, hata kama baba ndo mwenye shamba lote. Bahati ni kwamba William alishamwandikia Eliza uhuru wake kabla Pinckney hajazaliwa, kwahiyo mtoto akazaliwa huru.

Wakakulia shambani Mississippi kama watoto wa tajiri. Baba akampeleka yeye na kaka yake Napoleon kusoma Cincinnati, Ohio, jimbo ambalo halikuwa na utumwa. Halafu mwaka 1848 baba akafariki na hapo ndo mambo yakageuka. Ndugu wa kizungu wa marehemu hawakuwa na mpango wa kugawana mali na hawa watoto chotara, na kulikuwa na hofu ya kweli kwamba wangeweza kubatilisha ule uhuru wakawageuza watumwa, mama na watoto wote. Eliza akakimbilia Cincinnati na watoto wake bila urithi wowote.

Huko Cincinnati kaka mkubwa Napoleon akaugua akili, mzigo wa nyumba ukamwangukia Pinckney ambaye alikuwa na miaka 12 hivi. Shule ikaishia hapo. Akaenda kufanya kazi kwenye boti za mifereji kwa dola 8 kwa mwezi.

Mbona kwenye picha anaonekana kama mzungu?

Hili naulizwa sana, na wengine wanauliza kwa kejeli, "huyu mweusi wapi?" Ni kweli, rangi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba angehamia mji mwingine asijulikane, angeishi kama mzungu mpaka anakufa na hakuna ambaye angemuuliza kitu. Wapo ndugu zake waliochagua njia hiyo, na dada yake mmoja alimwandikia barua akimshauri naye afanye hivohivo, aachane na habari za kujiita mweusi.

Akakataa. Alikuwa mtu mwenye tamaa ya cheo na ya pesa, hakulificha hilo, na njia rahisi kuliko zote ya kupata vyote viwili ilikuwa wazi mbele yake, anyamaze tu. Mimi siwezi kumfanya malaika (subiri ufike swali la ufisadi hapo chini) lakini hapa namvulia kofia.

Ni kweli alikuwa mcheza kamari?

Kweli kabisa. Miaka ya 1850 alifanya kazi kwenye meli za mvuke kwenye mto Mississippi, Missouri na Red River, akapanda mpaka akawa mhudumu mkuu, cheo cha juu karibu kuliko vyote ambavyo mtu mweusi angeweza kupata kwenye zile meli. Zilikuwa zimejaa wafanyabiashara wa pamba wenye pesa na watu wa karata wanaowasubiri kwa hamu. Mmoja wa hao watu wa karata alikuwa George Devol, tapeli maarufu sana wa mtoni, na Pinchback alikuwa kijana wake. Devol alipozeeka aliandika kumbukumbu za maisha yake na humo anamtaja Pinch wake kwa fahari, kwamba ndiye aliyekuja kuwa gavana.

Kazi yao ikoje? Devol anawakamua abiria matajiri kwa karata, Pinch naye anachezesha wale wafanyakazi weusi wa melini huko nyuma. Ndiyo, ni utapeli, tusizunguke. Lakini miaka ile ilimfundisha kukaa mezani na watu wenye nguvu kuliko yeye bila kutetemeka, akiwasoma macho, akijua lini aongeze dau na lini aweke karata chini ainuke. Ukifuatilia siasa zake zote utaona bado anacheza mchezo uleule, ni meza tu imebadilika.

Jeshini alikaa muda gani?

Muda mfupi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza alikuwa mtoni, mwaka 1862 akapenya mpaka New Orleans ambayo ilishatekwa na jeshi la Muungano, yaani upande wa kaskazini, akajiunga. Jenerali Benjamin Butler alikuwa ameamua kuandikisha vikosi vya weusi, Pinchback akakusanya vijana wa kampuni nzima, akapewa ukapteni kwenye kikosi cha pili cha Native Guards. Maofisa weusi wakati ule walikuwa wa kuhesabika.

Halafu Butler akaondolewa, akaja Jenerali Nathaniel Banks ambaye hakutaka kabisa kuona mweusi akiwa ofisa, akaanza kuwabana mmoja mmoja wajiuzulu. Pinchback akavumilia mpaka Septemba 1863 akaandika barua ya kuacha. Baadae akaruhusiwa kukusanya askari wa farasi, akawakusanya, alipoomba cheo cha kuwaongoza akanyimwa. Watu wako utuletee sisi, cheo hupati. Kumbuka hii kitu maana itajirudia.

Aliingiaje kwenye siasa?

Mwaka 1867 bunge la Washington lilipitisha sheria za kuyajenga upya majimbo ya kusini, wanaume weusi wakapata haki ya kupiga kura, na Pinchback ambaye alikuwa amejikalia Alabama akarudi New Orleans chapchap. Akaanzisha klabu ya chama cha Republican kwenye wadi ya nne ya mji, akachaguliwa kwenda kwenye mkutano wa kuandika katiba mpya ya Louisiana, na 1868 akaingia seneti ya jimbo.

Ile katiba ya 1868 ilikuwa mbele ya wakati wake kabisa. Kulikuwa na kifungu kinasema vyombo vya usafiri na sehemu za biashara zenye leseni ni za watu wote bila kujali rangi, na kingine kinasema shule za umma zisitenganishe watoto kwa rangi. Kile cha usafiri na biashara Pinchback alikipigania mwenyewe, na alipoingia seneti akasukuma sheria ya kukipa meno.

Ili ujue walikuwa wanafanya kazi kwenye mazingira gani: jengo walilokuwa wanakutania wabunge, Mechanics' Institute pale New Orleans, ndo hilohilo ambalo Julai 1866 kundi la wazungu likisaidiwa na polisi lilivamia watu waliokuwa wanakutana kudai haki ya kura, wakauawa zaidi ya 30, karibu wote weusi. Miaka miwili baadae weusi wanaingia kwenye lango lileile kama wabunge.

1870 akaanzisha gazeti lake. Mwaka uliofuata, Novemba 1871, naibu gavana Oscar Dunn, mweusi wa kwanza kuchaguliwa cheo hicho Marekani nzima, akafa ghafla, watu wakanong'ona kwamba kawekewa sumu ila haikuthibitika kamwe. Seneti ikabidi ichague mtu wa kuongoza vikao vyake ambaye kwa sheria ndo anakuwa naibu gavana, Pinchback akapita kwa kura chache sana. Hapo alilamba dume, ingawa wakati ule hakuna aliyejua.

Ile stori ya mbio za treni ni ya kweli au chumvi?

Ya kweli, na ndo stori ninayoipenda kuliko zote.

Gavana wakati huo alikuwa Henry Clay Warmoth, mzungu kutoka Illinois, alishika ugavana akiwa na miaka 26 tu, mtanashati, mjanja, na mwenye mamlaka makubwa kupita kiasi maana sheria za uchaguzi zilimpa yeye karibu nguvu zote za kuamua nani kashinda. Yeye na Pinchback walikuwa pamoja kwa muda mrefu. Sasa 1872 Warmoth akawaacha Republican wa Rais Grant akaenda upande wa wapinzani, Pinchback akabaki na Grant. Kulikuwa na miswada ambayo bunge la Louisiana lilishapitisha ya kumpunguzia gavana yale mamlaka ya uchaguzi, na Warmoth kaikalia hataki kusaini.

Ila sheria inasema gavana akitoka nje ya jimbo, naibu wake ndo anakaimu. Unaona inapoelekea?

Wote wawili wakajikuta New York kwa shughuli za siasa. Viongozi wa Republican wakamwambia Pinchback, wahi nyumbani, ukifika Louisiana kabla ya Warmoth wewe ndo gavana, saini ile miswada. Akatoka kimyakimya akapanda treni. Warmoth alipostuka kwamba mwenzake haonekani akaelewa palepale, akaingia kwenye treni naye, tena akakodi treni maalumu ya kumkimbiza, pesa si tatizo.

Pinchback alikuwa mbele vizuri tu. Treni ikafika Canton, Mississippi, usiku, bado kidogo tu aingie Louisiana, akaambiwa kuna telegramu yake pale ofisi ya stesheni, ashuke akaichukue. Akashuka. Telegramu hakuna, mlango ukafungwa kwa nje, treni ikaondoka bila yeye. Watu wa Warmoth walishapiga telegramu mbele kupanga mtego. Mpaka anafunguliwa, treni ya Warmoth ndo inaingia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wake ulikuwa Canton.

Yaani mtu aliyefundishwa kazi na George Devol ananaswa na mchezo wa kitoto namna ile! Lakini alijifunza, maana raundi iliyofuata ilikuwa yake.

Sasa ilikuwaje akawa gavana?

Uchaguzi wa Novemba 1872 ulikuwa vurugu tupu. Republican walimsimamisha William Pitt Kellogg, wapinzani wakiwa na Warmoth wakamsimamisha John McEnery, kila upande ukadai umeshinda, kukawa na bodi mbili za kuhesabu kura, na mwisho mabunge mawili. Jaji wa serikali kuu anaitwa Edward Durell akatoa amri usiku kwamba askari wa Marekani walikamate jengo la bunge, wakalikamata, na bunge la upande wa Republican likaingia humo.

Warmoth akaona maji yamefika shingoni. Kwa maelezo ya Pinchback mwenyewe, usiku wa kuamkia kikao Warmoth alimfuata akampa ofa ya dola 50,000 ili amsaidie kuliendesha bunge anavyotaka yeye. Pinchback akakataa. Hapa inabidi umwamini yeye, ila kilichofuata kinajulikana: tarehe 9 Desemba baraza la wawakilishi likapiga kura ya kumshitaki Warmoth, na kwa katiba yao gavana akishashitakiwa anasimama kazi mpaka kesi iishe. Naibu wake nani? Pinchback. Akaapishwa siku hiyohiyo.

Warmoth hakukubali, McEnery hakukubali, wanamgambo wa upande wao wakajifungia ghala la silaha wakagoma kumtii gavana mpya mpaka jeshi la Marekani likaingilia. Siku chache baadae ikaja telegramu kutoka Washington kwamba Rais Grant anamtambua Pinchback kuwa ndo gavana. Safari hii telegramu ilikuwepo kweli.

Alifanya nini hizo siku 35?

Alisaini miswada kumi ikawa sheria, akafanya uteuzi, akapokea matusi. Barua za kutishiwa kuuawa zilikuwa nyingi. Kikubwa alichofanya ni kuhakikisha jimbo halilipuki mpaka tarehe 13 Januari 1873, akakabidhi kwa Kellogg. Siku za kukabidhiana New Orleans ilikuwa na sherehe mbili, Kellogg anaapishwa huku na McEnery anaapishwa kule, magavana wawili mji mmoja.

Ukifikiri nazidisha kuhusu kulipuka, ona yaliyofuata. Aprili 1873 huko Colfax, siku ya Pasaka, wazungu wenye silaha waliua weusi kwa makumi, wengi wao wakiwa wameshajisalimisha, sababu ikiwa ni ugomvi uleule wa nani kashinda uchaguzi. Septemba 1874 wafuasi wa McEnery wakapigana mitaani New Orleans wakaiteka serikali ya Kellogg kwa siku kadhaa mpaka Grant akatuma jeshi.

Anahesabika gavana kamili au kaimu?

Inategemea unamuuliza nani. Kesi ya Warmoth haikufika mwisho, muda wake uliisha kabla hajahukumiwa, kwahiyo kuna wanaosema Pinchback alikuwa kaimu tu. Orodha nyingi zinamweka kama gavana wa 24 wa Louisiana. Mimi nasema aliapa, alisaini sheria, rais alimtambua, kama huo sio ugavana sijui ni nini.

Nasikia alichaguliwa useneta na ubunge kwa pamoja, inawezekanaje?

Kwenye ule uchaguzi wa 1872 aligombea ubunge wa Marekani, upande wake ukamtangaza mshindi. Halafu Januari 1873 bunge la jimbo (enzi hizo maseneta walikuwa wanachaguliwa na mabunge ya majimbo, sio wananchi) likamchagua kuwa seneta. Kwahiyo akaenda Washington na karatasi mbili mkononi, ya ubunge na ya useneta.

Hakukalia hata kimoja. Ubunge ulibishaniwa mpaka Machi 1875, kiti akapewa mpinzani wake siku za mwisho kabisa za kipindi. Useneta ukaburuzwa miaka mitatu. Kisheria hoja ilikuwa kwamba bunge la Kellogg lililomchagua halikuwa halali, na si hoja ya kijinga, uchaguzi ulikuwa mchafu pande zote. Lakini jiulize, Kellogg aliyetokana na uchaguzi huohuo alitambuliwa na rais kuwa gavana, ila seneta aliyechaguliwa na bunge lake haifai? Blanche Bruce, seneta mweusi wa Mississippi, alitumia hotuba yake ya kwanza seneti kumtetea. Machi 1876 wakapiga kura, 32 kwa 29, amekataliwa, na wapo Republican wenzake waliopiga na wale 32.

Halafu wakamlipa. Zaidi ya dola 16,000 za mshahara na nauli kwa ile miaka ya kusubiri. Yaani hukuwa seneta ila chukua mshahara wa seneta. Unakumbuka Jenerali Banks?

Alikuwa fisadi?

Nisiwadanganye, hakuwa mtu safi. Alipokuwa kwenye kamisheni ya ununuzi wa ardhi ya bustani kubwa ya mji wa New Orleans alilaumiwa kwamba alijipatia faida kwa kujua ardhi ipi itanunuliwa, na hata rafiki yake wa biashara, C.C. Antoine, ambaye baadae naye akawa naibu gavana, waligombana kwa hilohilo. Alikuwa anavaa vizuri, anakula vizuri, na mshahara wa seneta wa jimbo haukutosha kwa hayo.

Ila tupime kwa mizani moja. Warmoth alikuwa analipwa dola 8,000 kwa mwaka na akatoka ugavana akiwa tajiri wa mashamba. Kwenye Louisiana ile wanasiasa wa pande zote walikuwa wanakula, isipokuwa magazeti ya baadae yakaandika kana kwamba weusi ndo walioleta rushwa jimboni. Siwezi kumtetea Pinchback kwa bustani, lakini siwezi pia kukubali awe yeye peke yake kwenye kesi.

Ni kweli 1877 aliwasaliti wenzake?

Hili swali wanaoliuliza ni watu waliosoma kidogo, hongereni. Mwanzoni mwa 1877 kulikuwa tena na magavana wawili, Packard wa Republican na Francis Nicholls wa Democrat, chama cha wapinzani. Pinchback akaona jeshi la Marekani linakaribia kuondoka kusini, Packard hana pa kushika, akaweka karata zake kwa Nicholls. Akapewa nafasi kwenye bodi ya elimu ya jimbo. Wengi hawakumsamehe.

Alichojitetea nacho ni kwamba meli inazama, bora uokoe unachoweza. Na kuna alichookoa: 1879 kwenye mkutano mwingine wa katiba, yeye na wajumbe wachache weusi walipata kifungu cha kuanzisha chuo kikuu cha watu weusi, ambacho kikaanzishwa New Orleans 1880, ndo Southern University ambayo leo ipo Baton Rouge. Lakini ona uchungu wake, mtu wa katiba ya 1868 iliyosema watoto wasome pamoja sasa anaomba chuo cha kwao peke yao. Binafsi nimeshabadili mawazo mara kadhaa kuhusu hili. Kuna siku namwona mjanja na kuna siku namwona mtu aliyechoka.

Na huyo Nicholls aliyemuunga mkono? Alirudi ugavana, na 1890 akasaini sheria ya kutenganisha mabehewa ya treni kwa rangi, ile iliyozaa kesi ya Plessy, na kwenye kesi hiyo mwaka 1896 mahakama kuu ya Marekani ikaibariki sheria yenyewe. Katiba mpya ya jimbo ya 1898 ikamalizia kazi: weusi walioandikishwa kupiga kura Louisiana walikuwa 130,334 mwaka 1896, kufika 1904 walikuwa 1,342.

Baada ya siasa aliishije?

Vizuri kuliko wengi. Alipata kazi forodhani bandari ya New Orleans kwanzia 1882, akasoma sheria, akakubaliwa kuwa wakili 1886. Miaka ya 1890 akaihama kusini, akaishi Washington na New York pia, akajenga nyumba kubwa Washington, akawa mzee wa mjini anayejulikana na kila mtu, akimuunga mkono Booker T. Washington, kiongozi maarufu wa weusi wakati ule. Pesa ziliisha polepole, miaka ya mwisho haikuwa ya kifahari.

Familia yake je?

Alimuoa Nina Emily Hawthorne mwaka 1860 wakapata watoto sita, wanne wakakua. Binti yao Nina ndo mama wa mwandishi Jean Toomer, aliyezaliwa Desemba 1894 Washington na kulelewa sana kwenye nyumba ya babu. Ndiyo, ni yuleyule wanaomsoma kwenye fasihi ya weusi wa Marekani. Kinachonishangaza ni kwamba mjukuu hakutaka kuitwa mweusi wala mzungu, alisema yeye ni Mmarekani basi, wakati babu aliyekuwa na rangi ileile aling'ang'ania kuitwa mweusi kipindi ambacho neno hilo lingeweza kukuua.

Baada yake gavana mweusi mwingine alikuwa nani?

Douglas Wilder wa Virginia, ambaye ndo wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi. Aliapishwa tarehe 13 Januari 1990. Rudi juu uangalie Pinchback alitoka ofisini tarehe ngapi. Ni miaka 117 kamili, siku ileile.

Alikufa lini na kazikwa wapi?

Tarehe 21 Desemba 1921, Washington, akiwa na miaka 84. Mwili ukarudishwa New Orleans ukazikwa makaburi ya Metairie. Ukienda pale utaona barabara ya ndani inazunguka kwa umbo la yai, na sababu ni kwamba zamani palikuwa uwanja wa mbio za farasi, watu wanacheza kamari, ukageuzwa makaburi mwaka 1872, mwaka uleule wa mbio za treni. Warmoth alifuata 1931. Naye yuko Metairie.